Marando ya Bustanini

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Viola alikuwa na kazi zake. Alichota maji mferejini na kusugua sufuria ya ugali wa jana kwa sababu mama yake alimwambia. Kulisha sungura alikufanya kwa sababu alipenda. Sungura hao walikuwa watatu, lakini tangu Jumatatu yule mweupe alipozaa, walikuwa tisa. Wale wadogo walikuwa bado hawajafungua macho. Walilala wamejikusanya katika manyoya ya mama yao kama vidole vya mtu aliyefumba ngumi.

Shida ilikuwa chakula. Ulikuwa mwezi wa Februari, na Kitale yote ilikuwa imekauka. Nyasi za kando ya barabara zilikuwa za kahawia, zinachoma mkono.

"Mama, sasa huyu mweupe atanyonyesha na nini? Ona nyasi zimekuwa kama waya," Viola alisema.

Mama yake, Peris, alikuwa akifunga mafungu ya sukuma wiki ya kupeleka sokoni. Hakuinua hata kichwa. "Ulipowataka hukuniuliza watakula nini. Tafuta. Na haya majani mabovu ya sukuma usiwape mengi, wataharisha."

Viola akacheka. Alijua mama hana neno. Akawatupia sungura majani machache, akavaa viatu, akaondoka.

Nyumbani kwao hasa kulikuwa Kamukuywa, upande wa Bungoma, kwa nyanya yake. Huko alikwenda kila likizo, na huko ndiko alikojifunza mambo ya shamba. Kwa mfano, marando. Marando ni yale majani ya viazi vitamu yanayotambaa chini. Kamukuywa hakuna mtu anayenunua marando, na hakuna anayemnyima mwenzake. Ukipita kwa shamba la jirani ukaona yamestawi, unakata ya kwenda kupanda au ya kulisha ng'ombe, kisha unapaza sauti kuelekea nyumba: "Mama, nimechukua marando!" Naye anajibu kutoka jikoni, bila hata kutazama, "Chukua, mwanangu!" Basi. Umemaliza.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na kila Ijumaa baada ya masomo, chama chao cha mazingira kilikwenda kufanya kazi katika bustani ya mimea.

Bustani hiyo ilikuwa ya umma, mwisho wa barabara inayopita msikitini na kinu cha kusaga mahindi. Mtu yeyote angeweza kuingia, ila wengi hawakuingia. Siku nyingi ndani yake mlikuwa na ndege wengi kuliko watu. Kila mmea ulikuwa na kibao kidogo chenye jina lake. Kulikuwa na upande wa miti ya Mlima Elgon, upande wa mimea ya dawa, na pale penye jua kali zaidi, tuta moja la mchanga lililozungushiwa mawe. Hilo liliitwa Kona ya Pwani.

Mtunzaji alikuwa Bi Zaitun, mama wa makamo aliyevaa gambuti nyeusi na leso iliyofungwa sawasawa kichwani. Alikuwa amefanya kazi hapo miaka kumi na minane. Mtoto akikanyaga mche, Bi Zaitun hakufoka. Alisema tu, "Pole," na ilikuwa vigumu kujua anamwambia mtoto au mche.

Siku hiyo aliwapanga wanafunzi kivulini, mwalimu wao Hesbon akiwa amekaa nyuma. Uso wa Bi Zaitun ulikuwa wa furaha kuliko kawaida.

"Kitendawili," alisema.

"Tega," wakaitika.

"Ana kwato lakini si mbuzi. Anatambaa lakini si nyoka. Anakunywa maji ya chumvi na hafi."

"Kobe wa baharini!" alisema Nafisa, rafiki wa Viola.

"Kobe ana kwato, Nafisa?"

"Si nimejaribu tu, Bi Zaitun."

"Ng'ombe!" mwingine akasema. "Hata ng'ombe hulamba chumvi."

"Ng'ombe anayetambaa huyo ni mgonjwa, mwite daktari," Bi Zaitun akajibu, na chama kizima kikacheka. "Mmeshindwa. Nipeni mji."

"Tunakupa Bungoma," alisema Viola.

"Bungoma nina shangazi wawili, sitaki wa tatu. Nipeni mji wenye bahari."

"Mombasa!"

"Haya, nimekwenda Mombasa, nimekula samaki, nimerudi. Lakini jibu siwapi leo. Mwenye kitendawili yumo humu humu bustanini, na kibao chake nimekiondoa makusudi msije mkasoma jina. Nimemlinda miaka miwili. Usiku namfunika nailoni kwa sababu ya baridi ya hapa kwetu. Ijumaa ijayo mtamwona amevaa nguo nzuri, na wenyewe mtasema jibu."

Kisha wakaanza kazi. Viola alikuwa hodari wa jembe, hakuna aliyemkaribia. Alipalilia, akabeba maji, akakusanya takataka. Wenzake walipoanza kuondoka, yeye alibaki kurudisha majembe stoo. Bi Zaitun alikuwa ameingia chumba cha nyuma kuswali alasiri.

Kutoka stoo, Viola alipita kando ya lile tuta la mchanga. Akasimama. Marando! Mabichi, manene, yametanda juu ya mchanga kama mkeka, wakati mji mzima hauna jani. Kwenye ncha kulikuwa na vitu virefu vilivyosokotwa kama miavuli iliyofungwa. Hakuvijali. Aliwaza juu ya sungura mweupe na watoto wake sita.

Alivuta kidogo tu, lakini mchanga haukushika kitu, na mmea wote ukaja pamoja na mizizi yake. Viola akaushindilia ndani ya mfuko wa vitabu.

Alipomaliza, akafungua mdomo kupaza sauti kama wanavyofanya Kamukuywa. Kukawa kimya sana. Bi Zaitun alikuwa anaswali. Viola akaona haya kupiga kelele. "Nitamwambia Ijumaa," alijisemea, na akaenda zake.

Jioni ile sungura walinusa marando yale, wakayageuzia mgongo. Viola akashangaa. Sungura wa kukataa marando hajapata kumwona. Akafikiri labda wameshiba, akayaacha humo humo kwenye kibanda.

Asubuhi ya Jumamosi alipofungua mlango wa kibanda, alikuta ua limefunguka. Lilikuwa kubwa, la zambarau, umbo la tarumbeta, limesimama katikati ya uchafu wa sungura. Viola alichutama, akalitazama. Hakuwa ameona ua kama lile Kitale wala Kamukuywa.

"Hiyo umetoa wapi?" Mama yake alikuwa amesimama nyuma yake na beseni la nguo.

"Ni marando, Mama."

"Marando gani hayo? Mimi nimezaliwa ndani ya marando. Hebu ona jani lake." Peris akaokota jani moja, akalinyoosha kwenye kiganja. Ncha yake ilikuwa imepasuka katikati, sehemu mbili za mviringo. "Ona, kama kwato ya mbuzi."

Viola akalitazama jani lile tena. Ana kwato lakini si mbuzi. Anatambaa lakini si nyoka.

"Ulitoa wapi, nimeuliza."

"Huko... kando ya barabara."

"Basi usiwape tena. Usije ukawaua bure." Mama akaenda kuanika nguo.

Viola alibaki amechutama. Bustani haikuwa mbali, mwendo wa dakika ishirini tu. Ua lilikuwa bado bichi. Kulikuwa na matumba mengine mawili, maua ambayo bado hayajafunguka. Angeyabeba ndani ya ndoo ya maji na kwenda kusema. Aliwaza hivyo akiosha vyombo. Aliwaza hivyo akifagia uwanja. Kufika saa sita mchana, ua lilikuwa limejikunja na kunyauka. Viola akausukuma mmea wote nyuma ya kibanda, pale maji ya sungura yanapomwagika, ili asiuone.

Jumapili, akitoka kanisani, miguu ilimpeleka yenyewe barabara ya bustani. Hakuingia. Alisimama nje ya ua wa michongoma, akachungulia.

Mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya tuta la mchanga. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia nyeupe. Bi Zaitun alisimama karibu naye, mkono wake begani mwa mzee. Viola alimjua mzee huyo kwa kumwona mlangoni pa msikiti: alikuwa Babu Farid, baba yake Bi Zaitun. Watu walisema alitoka Faza, kisiwani kule Lamu, akiwa kijana, akaja Kitale kutengeneza matrekta, na hakurudi tena.

"Ni mbuzi, Baba," Bi Zaitun alisema. "Nadhani ni mbuzi wa Mama Kiarie. Waliupata mlakasa wako wa ufukweni."

"Wote?"

"Wote. Na ulikuwa na matumba matatu."

Mzee akainama polepole, akapitisha kiganja juu ya mchanga mtupu, huku na huku, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka gizani.

"Daktari alisema hadi lini?" akauliza.

"Alisema haya macho yanaweza kwenda wiki yoyote, Baba. Ndiyo maana nilitaka ulione ua lake leo."

"Si neno. Nimetoka nje, nimepunga upepo."

Viola akaondoka kabla hajasikia zaidi. Usiku hakula vizuri. Mama akamuuliza kama ana malaria.

Wiki ile ilikwenda taratibu. Jumatatu alisema atakwenda Jumanne. Jumanne mvua ndogo ilinyesha, akasema kesho. Jumatano hakuwa na sababu yoyote, akakaa tu.

Ijumaa wakaenda tena bustanini. Bi Zaitun hakutega kitendawili. Aliwaambia mbuzi waliingia, kwa hivyo leo kazi ni kuziba mapengo ya ua. Mama Kiarie mwenyewe alikuwepo, mama mnene mwenye panga mkononi, anaishi ng'ambo ya barabara. Alikuwa amekuja kusaidia, lakini hakuja na furaha.

"Mimi nimefunga mbuzi wangu kamba tangu Jumapili," alisema, akikata mchongoma kwa nguvu. "Wanalia usiku na mchana kama watoto. Lakini ati wao ndio walikula. Mbuzi anakula mmea, anaacha hata kishina. Hapa hakuna shina, hakuna mzizi, hakuna mavi. Huyo mbuzi alikuja na mfuko?"

"Mama Kiarie, yaishe," Bi Zaitun alisema kwa upole. "Silaumu mtu."

"Unanilaumu bila kusema, hiyo ni mbaya zaidi."

Viola alifanya kazi siku hiyo kama punda. Alibeba miiba mpaka mikono ikatoka damu. Alichimba mashimo mawili wakati wenzake wanachimba moja. Nafisa akamuuliza, "We Viola, leo umelipwa?" Viola akabeba miiba mingine.

Kazi ilipokwisha, Mwalimu Hesbon akawakusanya. "Bi Zaitun ana neno," alisema.

Bi Zaitun akafuta uso kwa ncha ya leso. "Wiki hii moyo wangu haukuwa mzuri. Lakini nimeona mtoto mmoja leo, akifanya kazi kana kwamba bustani hii ni ya mama yake. Nimemwomba mwalimu amfanye kiongozi wa chama chenu. Viola, njoo hapa, mwanangu."

Wenzake wakapiga makofi. Viola hakusogea.

"Si nenda, bana," Nafisa akamsukuma.

Alikwenda. Bi Zaitun akamshika mikono, akaona mikwaruzo, akasema, "Pole." Hapo ndipo Viola alipoanza kulia.

"Si mbuzi," alisema.

"Nini?"

"Si mbuzi wa Mama Kiarie. Ni mimi. Nilidhani ni marando. Niliwachukulia sungura wangu, na sungura wakakataa. Nilikuja na mfuko wa vitabu."

Mama Kiarie akalaza panga chini taratibu. "Nilisema kulikuwa na mfuko," alinong'ona, lakini hakuonekana kufurahi.

"Ulijua lini kuwa si marando?" Bi Zaitun akauliza.

"Jumamosi asubuhi. Ua lilifunguka."

Bi Zaitun akaiachia ile mikono. "Lilifunguka?"

"Ndiyo. Kwenye kibanda cha sungura."

Bi Zaitun aligeuka, akatembea hatua chache, akasimama akitazama tuta la mchanga. Aliporudi, macho ya Bi Zaitun yalikuwa mekundu lakini sauti yake ilikuwa ileile.

"Sikiliza, Viola. Kuung'oa, uliung'oa kwa kutojua, na mimi kwa kitendawili changu niliondoa kibao. Hilo kosa tutagawana, nusu yangu nusu yako. Lakini ungenijia Jumamosi, ningeyatia matumba mawili yaliyobaki ndani ya maji, na Jumapili baba yangu angeona ua. Siku sita ulizonyamaza siwezi kukusaidia kuzibeba. Hizo ni zako peke yako."

"Na Babu bado...?"

"Jumatano aliamka akaniuliza kwa nini sijafungua madirisha. Yalikuwa wazi."

Viola akakaa chini pale pale mchangani.

"Mzizi uko wapi?" Bi Zaitun akauliza.

Walikwenda wote watatu, Viola, Bi Zaitun na Mwalimu Hesbon, mpaka nyumbani. Peris akatoka jikoni, akasikia habari yote akiwa na mwiko mkononi. Hakumpiga. Alimtazama Viola, akasema, "Kwa nyanya yako unachukua marando na unapaza sauti. Ukiacha kupaza sauti, huo ni wizi, hata kama ni jani. Na mimi ukanidanganya kuwa ni barabarani." Kisha akamgeukia Bi Zaitun. "Dada yangu, nisamehe. Ni mtoto wangu, lakini aibu ni yangu."

Nyuma ya kibanda mmea ulikuwa umekauka, mweusi, unavunjika ukiguswa. Bi Zaitun aliupekua kipande kwa kipande. Chini kabisa, pale maji ya sungura yanapotiririka, alipata kamba moja ya mmea, urefu wa kiganja, bado kijani, na uzi mmoja wa mzizi mweupe. Akaifunga katika leso yake kama mtu anayefunga mtoto.

Viola alimwomba Mwalimu Hesbon asimfanye kiongozi. Mwalimu akakubali, na Nafisa akachaguliwa. Mama Kiarie aliombwa msamaha mbele ya watu, na mbuzi wake wakafunguliwa kamba.

Ikabaki safari moja, ngumu kuliko zote. Jumapili, Peris alimpeleka Viola kwa Babu Farid, nyumba ya mabati nyuma ya msikiti. Mzee alikuwa ameketi barazani, uso ameuelekeza barabarani lakini macho hayafuati kitu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye sungura?"

"Ndiyo, Babu. Nimekuja kuomba msamaha." Alikuwa amejifunza maneno mengi njiani, na yote yakapotea. "Ulikuwa uone wewe. Nikaona mimi."

Mzee akamgeuzia uso. "Basi niambie ulichoona. Ila usinipambie. Nitajua."

Viola akaanza kueleza. "Lilikuwa zambarau. Si zambarau ya sare ya shule, imepauka kidogo. Ndani kabisa ilikuwa imeiva, kama mtu amedondosha wino."

"Eee."

"Lilisimama juu ya mavi ya sungura, Babu."

Mzee akacheka mpaka akakohoa, na Bi Zaitun akachungulia kutoka ndani. "Endelea, endelea. Lilikaa hadi saa ngapi?"

"Saa sita lilikuwa limejikunja."

"Hapo umesema kweli. Mtu mwongo angeniambia lilikaa wiki. Ua la mlakasa halina hata siku moja. Tukiwa watoto tulitoka alfajiri kwenda kuyaona, jua likipanda tumechelewa." Akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akapata kichwa cha Viola. "Sikudanganyi, mjukuu wangu, limeniuma, na litaniuma. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, maana kuna vitu havisubiri mpaka upate moyo. Hata mimi nilisema nitarudi Faza mwaka ujao, na mwaka uliofuata nikasema hivyo hivyo."

Ile kamba ya mlakasa ilishika. Kibao chake kikarudishwa mahali pake. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa akitoka bustanini, Viola hupitia nyumba ya nyuma ya msikiti kabla ya kwenda kulisha sungura.

"Leo una habari gani?" Babu Farid huuliza.

"Majani ni saba, Babu. Tumba bado hakuna. Na jani moja limetobolewa na mdudu."

"Limetobolewa sana?"

"Sana, Babu."

"Haya," mzee husema, akijisogeza ili Viola apate pa kukaa. "Nieleze na huyo mdudu."